Mbona ndege ya Ulaya haina televisheni? Nawajibu, na Lisbon nilifuata nini nawaambia

Habari zenu wapendwa. Wazee wangu mnaotazama, shikamooni. Leo sina mandhari ya kuwaonyesha. Nimekaa jikoni kwangu hapa Hamburg, Ujerumani, nimetoka zamu ya usiku, na kilichoniweka mbele ya kamera kabla sijalala ni swali moja. Tangu niweke kile kipande nilichorekodi ndani ya ndege ya kwenda Lisbon, Ureno, komenti ni zile zile: "Dada, mbona ndege hiyo haina hata televisheni? Basi la Dar kwenda Mwanza lina televisheni, na maji na soda unapewa, wewe uko Ulaya unatazama mgongo wa kiti." Wengine: "Umepigwa, hiyo ndege mbovu." Na lipo kundi ambalo halikuuliza, lilishahukumu: "Hela ya kula bata Lisbon anayo, ya kwenda kumwona mama yake hana."

Nitajibu yote. Ila naomba nitangulize hili: sijaja kujionyesha, wala sijaja kulia kwamba huku kugumu. Nikionyesha kizuri naambiwa najisifu, nikisema kigumu naambiwa nawakatisha vijana tamaa wasitoke. Leo naongea kama ninavyoongea na dada yangu kwenye simu.

Tuanze na televisheni. Ndege ile si mbovu. Ndege nyingi zinazoruka ndani ya Ulaya, safari za saa moja mpaka saa nne, hazina skrini kwenye viti, na hilo limeamuliwa kwa makusudi. Hata nyumbani ukipanda zile pangaboi za ATR kwenda Mtwara au Bukoba hukuti skrini kwenye kiti, sema hakuna anayeuliza kwa sababu hatukutegemea.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini anafanya kazi Finkenwerder, ng'ambo ya mto Elbe, kwenye kiwanda cha Airbus wanakounganisha ndege za familia ya A320. Watu hawajui, lakini mji huu unaishi kwa mambo ya ndani ya ndege. Kila mwaka kunafanyika maonyesho makubwa hapa, viti, taa, vyoo, majiko, skrini, wanakuja wenye makampuni kutoka dunia nzima kuchagua. Basi huyu jirani nilimwonyesha komenti zenu, nikamtafsiria. Akaniuliza, huko kwenu mwenye basi akitaka televisheni anafanyaje? Nikamwambia anaenda Kariakoo, ananunua, fundi anatoboa anafunga, kesho alfajiri basi linaondoka. Akasema kwenye ndege hufungi hata kishikio cha kikombe bila kibali.

Akanieleza habari ya kiti. Kiti cha ndege ya kisasa kinajaribiwa kwa kusimamishwa ghafla kwa nguvu ya mara 16 ya uzito wake, na juu yake wameketisha sanamu ya mtu yenye vipimo kichwani, waone kile kichwa kitakwenda kugonga wapi na kwa nguvu gani. Sasa ukiweka kioo pale pale mbele ya uso wa abiria, lazima uthibitishe kwamba siku ya ajali kile kioo hakitamuua mtu ambaye mkanda ulishamwokoa. Majaribio hayo ni hela. Halafu kuna uzito. Skrini yenyewe, waya zake, na kile kisanduku cha umeme chini ya kiti cha mbele, ambacho mkisafiri mbali ndicho kinachowazuia kunyoosha mguu. Zidisha kwa viti 180. Kibebe kila siku, safari nne au tano kwa siku, kwa miaka 20 na zaidi, na kila kilo inakula mafuta. Na skrini inazeeka kabla ya ndege. Simu ya miaka kumi iliyopita leo humpi hata mtoto achezee, lakini ndege ya miaka kumi bado ni kijana.

Ndiyo maana mwaka 2017 American Airlines walitangaza kwamba ndege zao mpya za Boeing 737 MAX hazitakuwa na skrini kwenye viti, wakasema abiria wengi wanapanda na simu au tableti zao. Wenzao wa Delta wakashika njia nyingine, wanaendelea kufunga skrini. Kwa hiyo hata Marekani kwenyewe hawajakubaliana.

Kampuni za nauli nafuu za Ulaya ndizo zimekwenda mbali kabisa. Viti vya Ryanair havilali nyuma, havina mfuko wa kuwekea vitu, na karatasi ya maelekezo ya usalama wameibandika mgongoni mwa kiti cha mbele. Mfuko hauna kazi kwao, unakusanya maganda na tishu, na kuusafisha kunakula dakika. Ndege inatua, watu wanashuka, wengine wanapanda, na ndani ya nusu saa hivi imeondoka. Ndege ikiwa chini haiingizi chochote.

Kwa hiyo mimi pale sikuibiwa. Nauli yangu ya kwenda na kurudi ilikuwa euro 84, nikabeba begi dogo tu la kuingia chini ya kiti. Sentimita 40 kwa 30 kwa 20, hicho ndicho kipimo cha Ryanair na Wizz Air, na mlangoni wanapima kweli. Mwenzangu mmoja foleni ile ile begi lake lilizidi, akalipa pale mlangoni hela inayokaribia nauli yenyewe. Kwa hela niliyolipa mimi sikutarajia soda.

Mnaotamani skrini, sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Na hapa hapa nawajibu mnaosema simwoni mama.

Mama yangu alikuja. Alikuja akakaa na mimi hapa, mkapata kumwona kwenye video akishangaa jua la saa nne usiku. Sikuwahi kuwaambia alifikaje. Viza ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima iwe ya kulipia matibabu ya angalau euro 30,000. Mimi mwenyeji nikaenda kusaini hati ya udhamini kwamba akiugua, akikwama, gharama ni juu yangu, na karatasi hiyo nikailipia euro 29, nikapeleka hati za mshahara, mkataba wa nyumba na ukubwa wa chumba atakacholala. Mama naye kule akatakiwa athibitishe kwamba atarudi. Mwalimu mstaafu, ana nyumba yake, ana shamba la mikorosho, ana wajukuu, anaulizwa athibitishe kwamba atarudi. Nikinyamaza mkiniambia "mlete basi na baba mdogo," si kwamba sitaki.

Alipopata viza akapanda ndege peke yake, kwa mara ya kwanza maishani, akaunganisha njiani. Kampuni sitaitaja. Ndege kubwa, nzuri, kila kiti na skrini yake. Mimi huku nimetulia, najua mama atatazama picha, atakula, atalala. Nilipompokea midomo imekauka. Nikamuuliza, mama, hukunywa maji? Akasema, "Nilikunywa kwenye chakula." Chakula kile kilikuwa cha kwanza. Usiku kucha hakunywa tena.

Nikataka kujua kwa nini. Tuliketi hapa jikoni siku ya pili, akanieleza hatua kwa hatua, naye ni mwalimu, anaeleza vizuri. Kitufe cha kumwita mhudumu hakikuwa juu pale penye taa na hewa kama kwenye ndege za zamani. Kilikuwa ndani ya skrini. Skrini ikilala inakuwa nyeusi tii. Ukiigusa inaamka, inakuletea lugha. Lugha zilikuwa nyingi, akaziperuzi zote, Kiswahili hakikuwepo. Akachagua Kiingereza, maana anakisoma. Ukaja ukurasa wa picha ndogo ndogo: filamu, muziki, ramani, michezo, na duka. Duka! Marashi, saa, mikufu, kila kimoja na bei yake kwa dola. Mama alipoona bei akaondoa kidole. Akajiambia, hiki kioo kinauza vitu, nikigusa vibaya nitamletea mwanangu deni.

Kuna mtu atacheka hapo. Naomba asicheke. Mama yangu amefundisha darasa la kwanza kusoma na kuandika mpaka akastaafu. Mtu anayefikiri sawasawa, akiona bei kwenye kioo, anaelewa kwamba kioo kile ni cha biashara. Waliokitengeneza ndio walioweka maji ya kunywa na mikufu ya dola mia mbili kwenye kioo kimoja. Picha ya kumwita mhudumu alikuja kuniambia aliiona: mtu mdogo, pembeni yake picha ya taa, zote zinalingana, hazina neno lolote chini yake. Kuita kwa sauti usiku, watu wamelala, kwake ni kukosa adabu. Wahudumu walipita na trei ya maji gizani, akafumba macho kwa sababu wanapita haraka hakutaka kuwasumbua. Hedifoni alipewa, zina pini mbili, tundu lake limejificha ubavuni ndani ya mkono wa kiti, hakuliona mpaka anashuka. Na aliyekaa nyuma yake alikuwa anagonga skrini yake kwa nguvu akicheza mchezo, kila akigonga kichwa cha mama kinatikisika.

Hapo ndipo niliacha kuona skrini kama starehe. Kifaa kile kimetengenezwa na watu waliomfikiria abiria fulani, mwenye simu ya kugusa tangu ujana, anayejua kwamba kioo kikilala unakiamsha, anayejua kwamba bei ukiiona hujanunua mpaka uweke kadi. Mama hakuwa kwenye hesabu yao. Na akina mama kama yeye ndio wanaojaza ndege hizi msimu wa hija, msimu wa wajukuu kuzaliwa. Mwaka 2021 UNESCO ilitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ndege inaruka kila siku kuja Dar, inachukua watu wetu na hela zetu, na kwenye orodha ya lugha hatumo. Kuweka maneno hamsini ya Kiswahili kwenye menyu kunahitaji kibali gani cha mgongano?

Na si kwamba teknolojia yote ya ndani ya ndege naiona haina maana. Kuna ndege kama Boeing 787, ambayo Air Tanzania walipokea ya kwanza mwaka 2018. Dirisha lake halina pazia la kushusha, lina kitufe, unabonyeza kioo kinakolea rangi pole pole mpaka kinakuwa kama bahari ya jioni, na bado unaona nje. Hewa ya ndani wameiweka kama uko mlima wa futi 6,000, kwenye ndege nyingi za zamani ni kama futi 8,000, na unyevu ni mwingi kidogo. Mimi kichwa hakiniumi nikishuka. Hicho ni kitu kinachomhudumia kila mtu, hata asiyejua kama kipo. Huhitaji kuchagua lugha ili upumue vizuri.

Sasa rudi Lisbon. Swali la karatasi: nilikwendaje bila viza? Kadi yangu ya ukaazi wa Ujerumani pamoja na pasipoti ya Tanzania inaniruhusu kukaa nchi nyingine za Schengen mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180. Ureno imo. Nchi za Schengen sasa ni 29. Uingereza haimo, Ireland haimo, mkinitumia ujumbe "pita na London" mjue London ni maombi mengine, ada nyingine, alama za vidole nyingine. Na wenye kadi iliyoisha, mnaosubiri mpya mkiwa na ile karatasi ya muda, msinifuate mimi. Karatasi zile hazifanani, nyingine zinaruhusu kusafiri nyingine haziruhusu, ulizeni penyewe kwa maandishi. Kwangu ilikuwa hivi, kwako inaweza kuwa vingine.

Pamoja na haki yote hiyo, programu ya simu ya kampuni iliyonipeleka ilinikatalia pasi ya kupandia. Niliweka namba ya pasipoti, uraia nikachagua Tanzania, ikaniletea maandishi mekundu: nyaraka zako zitakaguliwa dirishani. Rafiki yangu niliyesafiri naye, tunafanya kazi nyumba moja ya wazee, yeye ana pasipoti ya Kijerumani. Yake ilitoka pale pale, akapita moja kwa moja. Mimi nikapanga foleni ya dirisha, begi langu ni la mgongoni, sina mzigo wa kukabidhi, nimepanga foleni ili mtu aitazame kadi yangu kwa nukta tatu aseme "sawa". Yule dada wa dirishani alikuwa mpole, sina neno naye. Ila mfumo wa kompyuta unaoweza kupima begi kwa sentimita unashindwa kuijua kadi iliyotolewa na serikali ya nchi ambayo ndege inaondokea? Kadi ina chipu ndani yake. Sikubali kwamba haiwezekani. Tunaosafiri na pasipoti kama yangu hatukuwa wengi vya kutosha ili mtu alipwe kuiandika hiyo programu. Kwa hiyo ushauri, na ni wangu binafsi: fika mapema kuliko wenzako wa pasipoti nyekundu, usitegemee simu.

Pawabenki: beba mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Mpaka wati-saa 100, hicho ni kipimo cha uwezo wa betri, inaruhusiwa. Ile iliyoandikwa mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, imo ndani. Emirates, ambao wengi wenu mnawapanda, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wamekataza kuitumia ndani ya ndege, unabeba moja tu na hugusi. Sababu ni moto wa betri, si uchoyo. Basi chaji simu kabla, hasa kama tiketi, ramani na picha zako zote zimo humo humo na ndege haina tundu la umeme.

Haya, Lisbon nilifuata nini. Wengi mmenishambulia kwamba nimekwenda kupiga picha kwenye tramu ya njano. Tramu nimepiga, nzuri. Keki zao nimekula. Kodi ya mgeni ni euro 4 kwa usiku tangu Septemba 2024, muiweke kwenye hesabu, hoteli inaiongeza mwisho. Treni ya chini kwa chini inatoka uwanja wa ndege mpaka mjini, teksi haina ulazima. Hayo mengine yapo kila mahali mtandaoni.

Mimi natoka Kilwa Masoko. Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua. Nimekua nikiona Kilwa Kisiwani, mji wa kale, ng'ambo, tukivuka kwa mtumbwi kwenda kwenye Msikiti Mkuu, tukichezea nje ya Gereza, ile ngome ya zamani. Shuleni tuliambiwa Wareno walikuja, wakaondoka. Miaka yote sikujua kwamba kuna kitu cha Kilwa kimekaa Lisbon. Nilikisikia huku ughaibuni, kwa mwanafunzi mmoja wa historia kutoka Mombasa tuliyekutana naye kwenye msiba. Ndicho nilichokifuata.

Kipo Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes, juu ya bandari. Jumatatu wanafunga, na mara nyingine hufungwa kwa matengenezo, angalia tovuti yao kabla ya kukata tiketi. Kinaitwa Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisani, cha kuwekea mkate mtakatifu wa Wakatoliki, urefu wake unakaribia sentimita 73, dhahabu na rangi za vioo, mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka katikati, kila mmoja na uso wake. Anayetajwa kuwa fundi wake ni Gil Vicente. Na chini, kwenye kitako, kuna maandishi yanayozunguka, yanasema mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, kikakamilika mwaka 1506. Quiloa ni Kilwa.

Julai 1502 Vasco da Gama, safari yake ya pili, aliingia Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala Kilwa, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Akarudi nayo mwaka 1503. Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa, ilitoka bara upande wa Zimbabwe, ikipita Sofala, na Kilwa ndiyo ilikuwa imeshika biashara yake. Mwaka 1505 akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, huyo hakuja kudai kodi, aliuteka mji na kuupora. Kwa hiyo fundi alipomaliza kile chombo Lisbon, mji uliotoa dhahabu yake ulikuwa umeshavunjwa.

Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Sikulia, naona kuna waliosema nimelia, ni taa ya chumba. Nilikuwa najaribu kusoma maandishi ya kitako na simu haikuweza kuyakuza vizuri kwa sababu ya kioo. Nilikasirika, na niliona kazi ile ni nzuri mno, na vyote viwili vilikaa ndani yangu pamoja. Nikamwambia mlinzi kwa Kiingereza, natoka kwenye huo mji. Akanyamaza kidogo, akasogea, akanionyesha upande ambao herufi zinasomeka.

Jioni tulishuka Largo de São Domingos, uwanja mdogo karibu na Rossio ambako ndugu zetu wa Guinea-Bissau hukutana jioni, kuna akina mama wanauza kokwa za kola. Pale pale pana jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na kundi la watu Lisbon, Aprili 1506. Mwaka ule ule wa chombo. Sikutafuta, nilikutana nalo tu, nikakaa kwenye ngazi za kanisa na yule rafiki yangu Mjerumani, yeye akawa ananiuliza habari za Kilwa, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Mnaosema ile hela ningeituma: natuma. Kila mwezi, kabla sijalipa kodi ya nyumba, ndugu zangu wanajua na sitawataja. Euro 84 hazinifikishi Dar. Nauli ya kuja nyumbani msimu wa likizo ni mara kumi ya hiyo, na ruhusa kazini inabidi niiombe kwa wiki nyingi mfululizo, na nikija siji mikono mitupu, mnalijua hilo vizuri kuliko mimi. Wikiendi ya Lisbon haikuchukua nafasi ya safari ya nyumbani. Hizo ni hela za zamu za ziada. Mwenye kuona sikupaswa, naheshimu, lakini sitaomba radhi.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu ndege, halafu nikalale. Nikija nyumbani, safari ndefu, kwenye skrini mimi sitazami filamu, natazama ramani. Ramani ya kuonyesha abiria ndege iko wapi ilianza mwaka 1982, iliitwa Airshow, na kwangu ndicho kitu bora walichowahi kukiweka kwenye kiti. Haina haja ya Kiingereza. Kandege kadogo kanasogea. Safari iliyopita tulipokaribia pwani nikaikuza kwa vidole. Dar ipo, Mombasa ipo, Moroni ipo. Baharini wameandika mpaka majina ya milima iliyo chini ya maji. Nikashuka kusini mwa Dar kwa kidole, Rufiji, Mafia, nikafika pale penyewe. Patupu. Kilwa Kisiwani imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Lisbon wameiandika kwenye dhahabu. Aliyepanga majina ya ile ramani hakuiona.

Kwa hiyo nimeanza kuandika barua. Naiandikia kampuni iliyomleta mama, na nyingine zinazotua Dar na Zanzibar nitazitumia hiyo hiyo. Naomba mambo matatu. Kiswahili kiwemo kwenye lugha za skrini. Kitufe cha kumwita mhudumu kiwe kitufe cha kweli, cha kubonyeza, kiwe na mwanga usiku, na kiwe mbali na duka. Na ramani iandike Kilwa. Sina cheo chochote, ni abiria ninayelipa nauli, na jirani yangu wa Finkenwerder ameniambia kampuni huwa zinasoma barua za namna hii zinapopanga viti vipya, hasa zikiwa na mifano ya kweli ya watu wengi.

Mifano ndiyo nawaomba. Kama mzazi wako amesafiri peke yake, muulize leo ni kitu gani ndani ya ndege hakukielewa: mlango wa choo, mkanda, bomba la maji, taa, fomu, chochote. Niandikie kwa maneno yake mwenyewe, usimpambe, na usiweke jina lake kamili. Walioko Oman, Dubai, Minnesota, hata nyie wa Bujumbura na Goma mnaopitia Addis, nyote. Barua inaondoka mwisho wa mwezi. Ya mama nimeshaiandika, ameniamuru niongeze kwamba trei ya maji ipite na taa.